Kiroboto Hajafa

Taarifa ya kifo ilikuja na kosa la tahajia, na kosa hilo ndilo lililozua balaa lote.

"Habari za kazi ,, mimi ni mdogo wake mwenye simu hii. Dada yetu ametutoka leo hasubuhi ,, naomba uwajulishe wenzenu wa kwenye kundi."

Wembe aliusoma ujumbe huo akiwa mezani kwake kazini, kalamu nyekundu mkononi, mbele yake kurasa za kitabu cha jiografia zinazosubiri kusahihishwa. Akausoma tena. Mtu mwingine angepiga ukunga, au walau angeweka kalamu chini. Yeye aliiona hiyo "hasubuhi", akaziona na hizo koma mbili zilizokaa bega kwa bega, damu ikamchemka.

Wembe halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata pale pale ofisini, kwenye kampuni ndogo ya uchapaji iliyochapa vitabu vya shule, kalenda na kadi za harusi, kwa sababu hakuna kosa lililopita mbele ya macho yake likatoka salama. Kazi hiyo ilikuwa imemtia imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: kwamba watu wakipatia hufanana wote, lakini kila mtu hukosea kivyake. Mletee ukurasa usio na jina, asome mistari michache, atakwambia kauandika nani. Huyu hubandika "kwasababu" kama neno moja, yule humaliza kila sentensi kwa alama ya mshangao kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Na duniani kote alimjua mtu mmoja tu aliyeandika "hasubuhi" na kuweka koma mbili mahali pa nukta. Mtu huyo aliitwa Kiroboto, na Kiroboto ndiye aliyesemwa kuwa amekufa.

Haya, tuulizane: ni maiti gani huyo anayeandika taarifa ya kifo chake mwenyewe?

Kundi lenyewe, la kwenye simu, lilikuwa la watu wasio na kazi ya maana ila kubishana juu ya maneno. Mmoja anapiga picha kibao cha kinyozi kilichoandikwa vibaya, anakirusha kundini, na siku nzima inaishia hapo. Wembe ndiye aliyelianzisha na ndiye msimamizi wake. Kiroboto aliingia siku moja kwa mwaliko wa mtu, akajichagulia jina mwenyewe, "maana mimi siwezi kutulia mahali pamoja," na kweli, alirukaruka toka mada hii hadi ile, anachokoza huku, anauma kule. Siku yake ya kwanza aliandika "hasubuhi njema", Wembe akamsahihisha mbele ya kadamnasi. Jibu lilichelewa, lakini lilipofika lilifika: "Hiyo H nimeiweka makusudi mwenzangu ,, asubuhi isiyo na H ni ya watu waliolala vizuri."

Kundi zima lilivunjika mbavu. Wembe naye alicheka peke yake mezani mpaka mpanga kurasa, mwanamume mpole aliyekaa mkabala naye, akamuuliza kama jiografia imeanza kuwa na vichekesho. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa wanaandikiana pembeni, nje ya kundi, kila siku iliyokuja. Kama kuna mtu Wembe aliyempenda nje ya damu yake, basi ni huyo ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Alimpenda, tusizungukezunguke.

Lakini kupenda ni jambo moja na kuamini ni jingine, na upande wa kuamini palikuwa na matobo. Kiroboto hakuwahi kupiga simu. Ukimpigia, hapokei. Ukimwomba mwonane kwa video, anasema sura yake iko matengenezoni. Kila mara ilionekana kwamba anaandika, anaandika, anaandika, kisha kimya, kisha anaandika tena, mwisho linakuja neno moja: "Thubutu!" Picha pekee aliyowahi kutuma ilikuwa ya dirisha lenye ua kwenye kopo.

"Rafiki gani huyo?" shangazi yake Wembe alikuwa akisema. Wembe aliishi kwa shangazi huyo, dada wa baba yake, mwanamke aliyezeeka bila kumwamini mtu yeyote zaidi ya mizani ya sokoni, na hata hiyo aliigonga kwanza. "Hana uso, hana sauti, hana miguu. Hata jini lina miguu, ijapokuwa ya punda."

Na kulikuwa na kisa cha Mluzi. Mluzi alikuwa mwanakundi mwenzao, akatangazwa kufa. Wakamlilia. Wembe alimwandikia salamu za pole nzuri kiasi kwamba watu waliomba ruhusa ya kuzitumia kwenye misiba yao. Siku zikapita, mwanakundi mmoja akahudhuria harusi ya jirani, akamwona marehemu amesimama mbele ya watu, kavaa suti, harusi yenyewe ni yake. Kumbe alikuwa amekufa ili amkwepe dada mmoja wa kundini aliyeahidiwa ndoa naye. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wembe alijiapiza kuwa hatamlilia tena mtu asiye na kaburi.

Kwa hiyo hakumpa pole huyo aliyejiita mdogo wake marehemu. Aliuliza: "Kafa kwa ugonjwa gani?"

Jibu likaja. "Alikuwa anaumwa muda mrefu ,, hakupenda watu wajue."

Muda mrefu! Juzi tu Kiroboto alikuwa amemchamba mtu aliyeandika "mikate wa moto". Mgonjwa gani wa muda mrefu ana nguvu za kuchamba? Wembe akaamua kutega mtego. Palikuwa na siri moja aliyomwambia Kiroboto tu, si shangazi, si mpanga kurasa. Zamani kidogo, muuza karatasi aliyekuwa akiwaletea shehena pale kiwandani alimwandikia barua ya mapenzi. Wembe aliisoma, moyo ukamdunda, na kabla hajajua anafanya nini, mkono ulikuwa umeshika kalamu nyekundu. Alimrudishia barua imesahihishwa, pamoja na maelezo pembeni kuhusu matumizi ya "amba-". Muuza karatasi hakurudi tena, shehena ikaletwa na mwingine. Wembe aliona aibu, na alipomsimulia Kiroboto aliandika huku analia.

Akauliza: "Nilimfanya nini muuza karatasi?"

Mdogo mtu, kama yupo, asingejua. Wembe aliweka simu kifudifudi juu ya jiografia. Ilipotetemeka aliigeuza haraka mno.

"Ulimrudishia barua yake umeisahihisha ,, pole sana dada kwa yale."

Hapo sasa! Tahajia ni yake, koma ni zake, siri anayo. Kiroboto alikuwa hai, tena mzima wa afya, amekaa mahali anajitangazia msiba. Kwa nini? Amemchoka? Si angesema tu kwamba amemchoka? Siku za mwizi arobaini, Wembe alijiambia, na za marehemu wa uongo ni pungufu ya hizo.

"Vipi, kuna nini?" mpanga kurasa alimuuliza, maana alimwona amekunja uso.

Wembe akamweleza, isipokuwa habari ya barua.

"Dada," mpanga kurasa alisema taratibu, "mtu akikwambia kafiwa, si unampa pole kwanza? Ukweli ukijulikana baadaye, pole haijakupunguzia kitu."

"Ya Mluzi ilinipunguzia."

"Mluzi ni Mluzi. Kama huyu kafiwa kweli je?"

"Hajafiwa. Nayajua maandishi."

Mpanga kurasa akarudi kwenye kompyuta yake. Kumwambia Wembe kuhusu maandishi ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea, na yeye hakutaka makuu.

Wembe akaingia kundini na kuandika: "Jamani, mtasikia kwamba Kiroboto amefariki. Msimpe mtu pole. Kiroboto hajafa. Taarifa kaiandika mwenyewe, ushahidi ninao, tusifanywe wajinga mara ya pili." Akaweka na ule ujumbe wa kifo, ile "hasubuhi" ameizungushia duara jekundu, kama kazini.

Kundi lilipokea habari hiyo kama sherehe. Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Mmoja akaandika, "Marehemu, amka, chai inapoa." Mwingine: "Muulizeni huko alikofika kama wanaandika 'hakhera'." Mwingine akataka kujua kama suti ya harusi imeshashonwa. Wembe hakucheka, ila hakumkataza mtu. Simu ya Kiroboto ilikuwa bado ndani ya kundi, na alama zilionyesha wazi kwamba kila neno lilikuwa linasomwa.

Mwisho ukaja ujumbe mmoja kutoka simu hiyo. "Asante ,, tumewasikia." Kisha kimya.

Wembe alidhani atajisikia ameshinda. Badala yake asubuhi iliyofuata alipofumbua macho mkono ulitafuta simu, ukaipata, na simu haikuwa na kitu. Na ya kesho yake vivyo hivyo. Kazini aliona kibao cha ajabu kwenye picha ya kitabu, akapiga picha, akaanza kuituma pembeni kwa mtu, kisha akakumbuka. Chakula kilikuwa hakina ladha. Aliacha kosa lipite kwenye kalenda, Jumatano mbili ndani ya wiki moja, ikabidi mpanga kurasa amwoneshe, na wote wawili wakatazama pembeni. Alikuwa katika msiba, ndiyo hali halisi, ila alikataa kuuita jina lake na akauita hasira.

"Kama yu hai, mfuate," shangazi alimwambia alipochoka kumwona anazungukazunguka na sahani. "Mtu hai ana mlango. Gonga."

Mlango Wembe aliujua, au nusu yake. Wakati fulani alikuwa amemtumia Kiroboto kamusi kwa basi, na anwani aliyopewa ilisema: mji fulani, karibu na shule ya msingi, kwa fundi cherehani anayetazamana na mashine ya kusaga. Basi siku ya mapumziko alichukua sketi yake ya bluu, akaifumua pindo kwa makusudi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akapanda basi. Hakutaka kufika kama mwombolezaji. Alitaka kufika kama mteja, aangalie kwanza, amkamate marehemu anakunywa chai.

Mashine ya kusaga aliisikia kabla hajaiona. Mkabala nayo palikuwa na chumba kilichofunguka barabarani, na dirishani, juu ya kizingiti, palikuwa na ua kwenye kopo. Wembe alisimama. Ua lilikuwa lile lile, kopo lile lile, hata kutu yake. Moyo ulimwenda mbio, na tukimsema kwa haki, haikuwa hasira tupu. Sehemu fulani ya mwili wake ilifurahi: yupo, yupo, nimempata.

Ndani alikuwamo fundi peke yake, mwanamume wa makamo, mwembamba, utepe wa kupimia shingoni, macho mekundu. Vumbi la vitambaa, Wembe aliwaza. Sare za shule zilikuwa zimening'inia ukutani, na nyuma ya cherehani pazia zito lilifunika mlango wa chumba cha ndani. Wembe alilitazama pazia lile kuliko alivyomtazama fundi.

"Karibu, dada."

"Asante. Pindo limefumuka."

Fundi akaipokea sketi, akaipitisha vidoleni. "Hili halijafumuka. Limefumuliwa."

"Watoto," Wembe alisema. Hakuwa na mtoto hata mmoja. "Unakaa peke yako hapa, fundi?"

"Na mama yangu."

"Ninyi wawili tu?"

Fundi alisema kazi ni nyingi, aje kuichukua kesho. Akachana kipande cha karatasi, akaandika, akakibana kwenye sketi kwa pini ili isichanganyike na nguo za wengine, na kwa mazoea akamgeuzia mteja ahakikishe.

"Sketi ya bluu ,, pindo ,, kesho hasubuhi."

Wembe aliyatazama maneno hayo mpaka yakaanza kucheza. Na kwa sababu akili iliyozoea kushuku haipumziki hata pale ilipotakiwa kuona haya, ilimletea tuhuma mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Ni wewe," alisema. Sauti ilimtoka juu. "Kumbe ni wewe! Mwanamume! Miaka yote hiyo unajifanya mwanamke, unanisikiliza siri zangu, kisha unajiua kwenye simu! Huna hata haya!"

Fundi hakuruka wala hakukana. Alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayepima bila utepe.

"Wewe ndiye Wembe," alisema.

Akainuka, akalivuta pazia.

Kilikuwa chumba kidogo, safi. Kitanda cha chini kimetolewa shuka, godoro limekunjwa nusu lipigwe na hewa. Kando yake kiti cha magurudumu, na juu ya kiti hicho nguo za kike zimekunjwa kwa unadhifu wa fundi. Ukutani kioo kilikuwa kimepigiliwa kwa pembe ya ajabu, na Wembe alipoinama kidogo akaelewa kwa nini: mtu aliyelala pale kitandani angeona kwenye kioo hicho dirisha la mbele, ua kwenye kopo, na watu wanaopita kwenda mashineni. Chumba kilinukia dawa ya kuchulia.

"Alipigwa na kiharusi kabla hajaingia kundini kwenu," fundi alisema. "Alikuwa mwalimu hapo shule. Mikono ikakataa, miguu ikakataa, ulimi ukawa mzito. Aliyemwelewa ni mimi na mama tu, na mama hajui kusoma. Basi alikuwa anasema, mimi naandika. Nikiwa na kazi ananisubiri nimalize mshono. Ujumbe ukija, namsomea. Alisema huko kwenye simu ndiko anakotembea, na nikithubutu kuwaambia hali yake atanilaani. Hakutaka kuonewa huruma. Alitaka kubishana."

Wembe alikuwa ameshika mlango.

"Kwa hiyo hasubuhi..."

"Ni yangu hiyo. Mimi shule nilitoroka, dada. Siku ile uliponisahihisha nilitaka kuizima simu kwa aibu. Yeye alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. Akasema andika: hiyo H nimeiweka makusudi." Alifuta uso kwa ncha ya utepe. "Maneno yote yalikuwa yake. Makosa ndiyo yalikuwa yangu."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kilio kikifika kikakuta watu wanacheka inakuwaje.

"Na ile habari ya barua..."

"Ilibidi nimsomee. Utanisamehe. Ile tulicheka siku mbili. Halafu akalia. Alisema, huyu mwanamke anafanana na mimi, angekuwa karibu ningempiga kofi kisha nimkumbatie. Hilo akanikataza kuliandika."

Wembe alitaka kukaa lakini pa kukaa palikuwa kwenye kile kiti tu, na hakuthubutu. Alisema, "Mimi niliwaambia watu wasikupe pole."

"Najua. Nilisoma."

"Wote walicheka."

"Nilisoma kwa sauti," fundi alisema.

Wembe hakuelewa.

"Siku ya msiba nyumba ilijaa majirani. Mama akawaambia mwanangu hakuwa mpweke, ana rafiki zake wengi, wasomi, wako kwenye simu. Akaniambia, tusomee wanasemaje. Watu wakanyamaza. Mimi nimesimama hapo ulipo wewe, nimeishika simu, yanaingia yale ya chai na suti ya harusi." Alizungumza bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Wembe zaidi. "Nikasoma mengine. Nilitunga. Huyu anasema hivi, yule anasema hivi. Nikamaliza na yako."

"Ya kwangu ilisemaje?"

"Ah. Ilikuwa nzuri."

Wembe akatoa simu. Akaandika kundini: "Nimekosea. Kiroboto amefariki kweli. Niko nyumbani kwao. Aliyecheka alicheka kwa sababu yangu, lawama nibebeni mimi." Akaituma bila kuisoma mara ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kushika kalamu. Punde si punde, kwenye meza ya cherehani, chini ya vipande vya vitambaa, simu nyingine ilianza kutetemeka. Ikatetemeka, ikatetemeka, haikukoma.

Fundi aliitoa, akaitazama. "Pole zinakuja," alisema. "Sasa hizi nimsomee nani? Mama alishazisikia zote."

Akairudisha chini ya vitambaa, na wakati huo huo mama mwenyewe aliingia kutoka mashineni, mfupi, amebeba ungo wenye unga, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Nani huyu?"

"Rafiki yake dada, mama. Wa kwenye simu. Huyu ndiye Wembe."

"Wembe!" Mama alitua ungo mezani juu ya sare za watu, fundi akakosa nguvu za kulalamika. Alimshika Wembe mikono yote miwili. "Mwanangu, umekuja mpaka huku! Ni wewe uliyesema maneno yale. Wote walisema vizuri, lakini ya kwako nilimwambia ayarudie. Hebu yaseme mwenyewe, niyasikie kwa mdomo wako."

Wembe alimtazama fundi amwokoe. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, anatafuta tundu la sindano kwa uzi ambao ulikuwa umeshapita. Kisha akakanyaga, akaanza kushona kitu chochote kile, kelele zikajaa chumbani.

Angeweza kutunga. Salamu za pole ndiyo fani yake, watu walishawahi kuziomba. Lakini mikono ile ilikuwa ya moto, ina unga, imemshika, na kichwani hapakuja hata sentensi moja iliyonyooka.

"Siamini, mama," alisema. "Nimekuja kwa sababu siamini. Nilitaka nimkute." Akajaribu tena. "Nilitaka nimkute yupo, nimgombeze."

Hapo kilio kikamtoka, kile alichokizuia siku zote hizo, kibaya, cha makamasi, cha mtu mzima asiyezoea. Mama alimvuta karibu, akainamisha kichwa cha Wembe begani kwake. Akamsemeza sikioni, taratibu, ili aliyeko kwenye cherehani asisikie.

"Sivyo yalivyokuwa," alisema. "Yale yalikuwa marefu, yamepambwa. Kijana wangu aliyatunga, yako na ya wenzako wote. Nimemzaa mimi, akisema uongo sauti inapanda. Nilijua tangu la kwanza."

"Mama, nisamehe, mimi ndiye..."

"Nyamaza. Nilimwacha aseme kwa sababu na yeye kafiwa, na hakuna aliyekuwa anamuuliza." Alimpapasa mgongo, unga ukabaki kwenye blauzi. "Haya uliyosema sasa ndiyo yako. Pole, mwanangu. Pole sana. Umefiwa na mwenzio."

Tangu msiba uanze hakuna mtu aliyekuwa amempa Wembe pole, na yeye ndiye aliyewafundisha watu kuinyima. Alitaka kusema kwamba hastahili. Badala yake alijibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyefiwa.

"Asante, mama," alisema, na mama akaenda kumtafutia kigoda akae.